Mama Mkwe, Gari la Hajji na Kona ya Kamukuywa

Ninyi vijana mnaofungua gereji pale Kanduyi, mkiniona napita na fimbo yangu mnaniita, "Mzee, kuja usikilize hii injini." Mnadhani nikitega sikio nitaambiwa siri. Wacha niwaambie ukweli mapema ili tusisumbuane: injini sikuwahi kuzijua sana. Mimi nilikuwa fundi wa chini. Springi, shoki, bushi, ekseli, vitu asivyoviona mwenye gari mpaka vivunjike. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeilala chali nikitazama matumbo ya magari, na grisi iliyoingia mdomoni mwangu ingetosha kupaka mageti yote ya Bungoma.

Juzi mmoja wenu ameniuliza kwa nini gari zito, la kifahari, lililotengenezwa kukimbia, likikata kona linainama kama linataka kulala, na dawa yake ni nini. Nikamwambia akae chini, kwa sababu jibu langu lina mama mkwe ndani yake.

Gari lenyewe lilikuwa la Hajji Salim, mwenye duka la nguo karibu na msikiti wa Bungoma. Alilinunua kwa mzungu wa shamba, upande wa Naitiri, aliyekuwa anarudi kwao. Hiyo ni miaka ya hamsini, na mtu mweusi mwenye gari alikuwa na pikapu ya kubeba mahindi, basi. La Hajji lilikuwa saluni ndefu nyeusi, viti vya ngozi nyekundu, mbele mbao iliyong'arishwa mpaka unaona meno yako. Silinda sita. Lilikuwa zito karibu sawa na lori dogo lakini lilipenda mbio, na mbio zenyewe lilizijua mahali barabara imenyooka tu. Hajji hakujua kuendesha. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wake na fundi wake, na kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi Kitale kwenye gereji ya Kalasinga, nilijiona profesa.

Siku ya kwanza tulipokwenda nalo Kitale, kwenye kona ya kushuka mto Kamukuywa, kofia ya Hajji ilitoka dirishani. Tukasimama tukaiokota. Jioni tukirudi, kona ileile, ikatoka tena, sasa kwa dirisha la upande wa pili.

"Fundi, hili gari lina nini?" akaniuliza.

"Ni uzito wa utajiri, Hajji."

Akacheka, nami nikacheka, tukaliacha hivyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yangu ya kwanza ya gari linaloinama, kumpa mwenye gari maneno matamu.

Sasa, habari ya mama mkwe. Alikuwa akiishi Kamukuywa, si mbali na kona hiyo, na alikuwa ameota uvimbe tumboni. Daktari wa Kitale alipomwona mara ya kwanza alisema apelekwe hospitali ya huko apasuliwe, na asicheleweshwe, na asafirishwe akiwa amelala. Basi lilikuwa linapita, lakini lilijaa watu mpaka juu ya mizigo, na mgonjwa wa tumbo hawezi kukalia ubao wa basi kwenye barabara ile ya murram, changarawe na mashimo. Gari la kulaza mtu lilikuwa la Hajji peke yake. Nilipomwomba hakufikiri hata kidogo. Alisema tu, "Chukua, lakini usukani ushike wewe mwenyewe. Simwamini mwingine." Hapo aliniheshimu, na hapo ndipo aliponitia taabuni.

Maana kwetu Wabukusu, kama hamjui kwa sababu siku hizi mnakumbatiana na kila mtu, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Huyu wangu alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko wote. Tangu nimwoe binti yake, Nekesa, nilikuwa nimeuona mgongo wake tu. Akitaka kuniambia kitu alikaa nyuma ya ukuta wa jikoni, akasema na ukuta.

Kwa hivyo tulipanga vizuri. Mama alilazwa kiti cha nyuma, amefunikwa shuka mpaka kichwani. Nekesa akakaa mbele na mimi. Nikaahidi mbele ya watu wote kwamba nitaendesha polepole. Na niliendesha polepole, kwa kipimo changu mimi. Tukafika kona. Gari likainama, likainama, likaendelea kuinama, na mama akaanza kuteleza juu ya ile ngozi nyekundu iliyopakwa polishi na mimi mwenyewe asubuhi ile ili ing'ae kwa heshima ya mama wa watu. Alipoona anakwenda sakafuni alishika kitu cha kwanza alichokipata. Kilikuwa kichwa changu.

Alinishika nywele kwa mikono yote miwili. Mpaka leo sijawahi kushikwa hivyo na mtu mwingine, hata na polisi.

Nilisimamisha gari. Mama akafungua mlango, akajifunga shuka, akashuka, akaanza kurudi kwake kwa miguu, mgonjwa vile, ameinama ameshika tumbo, na Nekesa nyuma yake akimsihi. Mimi nilibaki nimeshika usukani kama mtu anayeendesha.

Wazee wakakaa, mguso ule ukaoshwa, nikatoa faini kama desturi inavyotaka. Lakini jioni ya kikao Nekesa alirudi na ujumbe wa mama yake.

"Mayi amesema hiyo gari hawezi ingia tena."

"Mwambie nitaenda polepole zaidi."

"Nimemwambia. Amesema polepole ndiyo uliahidi ile siku."

"Basi atapona vipi?"

Nekesa akaanza kulia. "Amesema ni afadhali afe na heshima yake."

Nilikuwa kijana, na nilikuwa nimezoea kudharau mambo ya wazee, lakini sikucheka. Mama yule alikuwa amemlea mke wangu peke yake kwa jembe. Nilijua akisema kitu amesema. Kwa hivyo kilichobaki ni kimoja: gari liache kuinama, la sivyo mama wa mke wangu atakufa Kamukuywa kwa ajili ya kona.

Sasa sikilizeni ujinga wangu, mkiokota la kuokota.

Akili yangu yote ilikuwa ya malori. Lori likizidiwa unaongeza majani ya springi, vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, kazi imekwisha. Nikachukua majani ya springi ya lori bovu, nikayakata, nikayapanga nyuma ya gari la Hajji mpaka yubolti, zile bolti za kuyabana, zikakataa kufunga. Gari likanyanyua makalio juu. Nikampeleka Hajji kulijaribu. Nyuma ilikuwa ngumu kweli, haikuinama sana, lakini ilirukaruka kila penye jiwe, na gurudumu linalorukaruka halishiki barabara. Kwenye kona nyuma ikatangulia mbele. Tulizunguka, tukaingia shamba la mahindi, tukasimama tukitazama tulikotoka.

Hajji aliiokota kofia yake sakafuni. Kisha akaniuliza kwa upole, "Fundi, tulikuwa tunaenda au tunarudi?"

Nikaona basi, labda gari linataka kukandamizwa. Nikajaza magunia ya mchanga kwenye buti. Nisingependa kuendelea na habari hiyo. Uzito ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe, na mimi nikaenda kuuongeza kwa koleo, natokwa na jasho, najisifu.

Baadaye nikazigeukia shoki. Za wakati ule hazikuwa bomba kama zenu. Zilikuwa visanduku vya chuma vyenye mkono pembeni, na ndani mafuta. Nikamwaga mafuta mepesi, nikatia mazito ya gia. Hapo nilidhani nimefika. Kwenye kona gari lilianza kuinama taratibu, kwa adabu, kama mzee anayekaa kitini. Nikaanza kupiga mluzi. Lakini kona ile ni ndefu, bana, na kabla haijaisha gari lilikuwa limeshafika palepale lilipokuwa likifika siku zote. Shoki inachelewesha kuinama tu, haizuii kuinama. Likamateni hilo, maana naona hata leo mnawauzia watu shoki mpya kwa ugonjwa ambao si wa shoki. Na asubuhi ya baridi ya Kitale mafuta yale yaliganda, gari likawa gumu kama mkokoteni, Hajji akagonga kichwa kwenye paa.

Wakati wote huo Nekesa alikuwa akienda kwao na kurudi. Mara mama hali ugali tena, anakunywa uji. Mara uji nao umemshinda. Mke wangu hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa akisimama mlangoni mwa gereji, ananitazama nikitoka chini ya gari na uso mweusi, anauliza, "Bado?" Nami najibu, "Kidogo tu." Nilikuwa naogopa. Usiku silali, nahesabu majani ya springi gizani.

Dawa niliijua. Dawa ilikuwa kwenda Kitale kwa Mistri Kartar, yule Kalasinga aliyenifundisha kazi. Lakini nilipoacha kazi kwake nilikuwa nimemwambia, mbele ya mafundi wote, kwamba nimemaliza kusoma. Neno hilo lilinikaa kooni. Siku Nekesa aliporudi akasema mama hawezi kukaa tena, hata kwa mto mgongoni, niliwasha gari nikaenda bila kubadilisha nguo.

Mistri Kartar alitoka, akalizunguka gari la Hajji lililokuwa pua chini, matako juu. "Hii gari natafuta nini chini?" akauliza. "Napoteza kitu?"

Nikamweleza yote, isipokuwa mchanga. Akavua koti, akaingia chini. Nikamsikia akigonga hapa na pale. Kisha akaniita niingie naye. Alikuwa ameshika chuma kirefu cha mviringo kilichopita chini ya pua ya gari, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Akakisukuma kwa kidole, kikacheza huku na huku.

"Wafula, hii iko nini?"

Nilikijua sana chuma kile. "Ni cha kutundikia kitambaa, Mistri."

Kweli kabisa, kitambaa changu kilikuwa pale, kimening'inia. Kila nilipokuwa chini ya gari lile nilifutia mikono nikakitundika hapo, nikamshukuru mzungu aliyefikiria mafundi. Mistri alicheka akiwa amelala, mpaka kilemba kikamtoka, na mafundi wengine wakaja kuinama watazame nini kinachekesha. Nami nikacheka, maana ungefanya nini.

Chuma kile ndicho mnachokiita leo stebilaiza. Wacha niwape kama alivyonipa. Gari likikata kona, magurudumu yanageuka lakini mwili unataka kuendelea ulikokuwa unaenda, kama wewe umebeba gunia kichwani halafu ugeuke ghafla. Unaegemea nje. Gurudumu la nje linajikandamiza, la ndani linalegea. Sasa chuma kile kimeshikwa mwisho huu na gurudumu hili, na mwisho ule na lile. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, hakina kazi, kinazunguka tu. Lakini moja likipanda na jingine likishuka, kinasokotwa, na chuma kizuri hakikubali kusokotwa, kinauvuta mwili urudi sawa. La Hajji lilikuwa limeng'olewa kiungo cha upande mmoja, labda kilikuwa kinapiga kelele fundi fulani akaona akitupe. Chuma kilikuwa kimeshika upande mmoja tu, kinaning'inia, kinanitunzia kitambaa.

Tena si hilo tu. Mzungu alikuwa ameweka vipande vya mbao ngumu kati ya springi na ekseli ili gari liinuke lisigonge mawe. Ukiliinua gari zito umeupandisha uzito wake juu, na kitu kizito kilicho juu kinaanguka upesi. Nilikuwa nimeviona vipande hivyo, nikavipaka rangi vipendeze.

Nilipomwambia ni kwa ajili ya nani, Mistri aliacha kucheka. Hakuniuliza desturi gani hiyo. Akasema kwao pia kuna wazee ambao hawaguswi, kisha akawaambia wateja wengine warudi kesho. Tukatoa majani yangu ya lori, tukatoa mbao, tukarudisha mafuta ya shoki yanayofaa. Kiungo akakifua mwenyewe. Bushi tukazikata kutoka tairi kuukuu la lori. Halafu akachagua chuma kingine, akakikunja kwa moto, akakirudishia ugumu wake kwa mafuta, tukakifunga nyuma. Mimi nilitaka kinene zaidi. Akanipiga mkono.

"Nene sana, gurudumu ya ndani nanyanyuka, halafu gari natoka njia. Wewe napenda kubwa kubwa tu."

Nilirudi kwa kona ya Kamukuywa peke yangu, nikaipita kwa kasi ileile ya siku ile mbaya. Gari liliinama kidogo, kama mtu anayekuitikia kwa kichwa, likabaki hapo. Nilisimama ng'ambo ya mto nikashuka nikalizunguka, nikidhani kuna kitu kimevunjika.

Kumbe kazi bado. Mama mkwe, kutoka nyuma ya ukuta wake, sauti imekuwa nyembamba sasa, alisema hawezi kumwamini mwenye kutengeneza gari akisifu gari lake. Anataka Hajji. Hajji ni mtu wa msikiti, haongopi. Alale pale alipolala yeye, apitishwe kona ile, aseme mwenyewe.

Nilimpelekea Hajji ujumbe huo nikitazama viatu vyangu. Hajji Salim, mtu ambaye hata karani wa stesheni alisimama akimwona, alivua kofia, akaishika mkononi. "Nilale?"

"Ndiyo, Hajji. Chali."

"Na watu watakuwapo?"

"Watakuwapo, Hajji. Kamukuywa yote imesikia."

Akafikiri. "Mama wa watu anaumwa," akasema. "Twende. Lakini ukinimwaga, fundi, wallahi utauza nyanya."

Basi tukashuka kona, watu wamejipanga juu ya kingo, na Hajji amelala kiti cha nyuma na kanzu yake nyeupe, mikono kifuani, macho juu kwenye paa, midomo inasoma. Tukashuka, tukageuza mtoni, tukapanda. Alishuka, akajikung'uta, akavaa kofia, akaenda mpaka kwenye ukuta wa jikoni.

"Mama, mimi ni Salim. Nimelala. Sikushika kitu."

Nyuma ya ukuta tukasikia, "Nekesa, lete shuka."

Tuliondoka alfajiri ya kesho yake. Nekesa alikuwa amemkesha mamake usiku kucha. Tulipita kona. Nilisikiliza nyuma kwa masikio yangu yote: hakuna aliyeteleza, hakuna aliyeguna. Tukapita kona nyingine, na nyingine. Nilijisikia mkubwa. Nilianza kumsimulia Nekesa habari ya chuma kusokotwa, nikageuka, nikaona amelala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi. Nikasema hewani, "Mayi, uko sawa?"

Hakujibu. Nikasema tena kwa sauti zaidi. Kwenye kioo niliona shuka limetulia, halipandi halishuki. Mtu mgonjwa kwenye barabara mbaya lazima aguse hiki, aguse kile, alalamike. Huyu hakuwa na sauti kabisa tangu mtoni.

Nilisimama kando ya barabara. Nekesa alikuwa hapo hapo karibu na mimi. Ningemgusa bega tu angeamka, angemwangalia mamake. Hilo halikunijia hata kidogo. Nilipanda juu ya kiti kwa magoti, nikafunua shuka, nikaushika mkono wa mama mkwe wangu kutafuta mapigo ya damu. Ulikuwa mwepesi, mkavu, una sugu za jembe.

Alifungua macho. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kutazamana uso kwa uso.

"Umenigusa," akasema.

"Nilidhani umetuacha, Mayi. Ulikuwa hutikisiki."

"Si ulisema gari haitatikisika?"

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kiti cha Hajji na viatu vyangu, machozi na makamasi yananitoka.

"Nilikuwa nimelala," akasema. "Tumbo limeniacha nilale leo. Wacha kulia, shika gari yako tufike." Akafumba macho. Lakini mkono wake hakuuvuta. Mimi ndiye niliyeuweka chini, polepole, nikaufunika.

Alipasuliwa, akapona, akarudi kwake akalima. Wazee wakaita kikao, maana Nekesa aliamka wakati ule nimepiga magoti, na Nekesa hajui kuficha kitu. Wakaketi uani, mama akiwa nyuma ya ukuta wake kama kawaida, na mimi nje ya ua ninangoja kuitwa. Mzee mmoja akauliza safari hii tunaosha nini, na nani atoe faini.

"Hakuna cha kuosha," sauti ya mama ikasema. "Kijana aliona nimekufa akasimamisha gari alie. Mkono wa namna hiyo haujanichafua. Kunyweni busaa yenu mwende."

Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye nyasi, nimesikia kila neno, nafuta macho, na mtu alipotoka kuniita nikajifanya natafuta spana iliyoniangukia. Sikuwa nimekuja na spana yoyote.